Re: Zimebaki wiki tatu, nimalize damu kwanza ndipo niguse magonjwa ya akili?

Dogo, usithubutu. Nimefika pale uliposema magonjwa ya damu utayapigia msuli wiki zote tatu zilizobaki kabla ya mtihani, halafu magonjwa ya akili utayapitia usiku wa mwisho kwa desa (zile kopi za maswali na majibu) la kununua elfu kumi na tano, chai ikanipalia. Mimi nilifanya hivyohivyo hapahapa Tabora, nikakamata sapu, yaani kurudia mtihani. Wenzangu wanapanda treni ya Kigoma na mabegi yao, mimi niko stesheni na kandambili nawasindikiza. Mama kule Ujiji alishawatangazia majirani kwamba daktari anakuja. Nikamwambia kuna semina.

Aliyeniponza ni kaka mmoja wa mwaka wa juu. "Damu ni maabara, akili ni maneno, havigusani kabisa." Nikamwamini kwa kuwa alikuwa anavaa koti jeupe mpaka kwa mama ntilie. Hela akapokea, desa akanipa: kopi ya kopi, herufi zimefifia, na juu ya swali la 14 doa la mafuta ya chapati. Swali la 14 ndilo lililonizika.

Lilinijia kwenye mtihani wa mdomo. Mgonjwa wa kwenye karatasi ni kijana wa miaka 24, ana skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti zisizokuwepo, dawa mbili zimeshindwa, sasa yuko wiki ya nane kwenye klozapini. Amekuja na homa, koo linauma, vidonda mdomoni. Desa lilisema homa na koo ni tonsili. Nami mtoto wa Kigoma, homa yoyote kwangu ni malaria kwanza. Nikatiririka: tupime malaria, ikikosekana apewe vidonge vya amoksilini, aende nyumbani, aendelee na dawa zake.

Mwalimu akaweka kalamu mezani. "Dawa zipi?"

"Zote, mwalimu."

"Haya. Mgonjwa wako amefariki Alhamisi."

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Nilijifariji kwamba angalau nilimpa siku tatu.

Sikiliza sasa. Klozapini inaweza kufagia nyutrofili, zile chembe nyeupe zinazotangulia kupambana na bakteria. Zikishuka chini ya 500 kwa maikrolita ndiyo agranulositosisi, na hapo koo la kawaida linatosha kumuua mtu. Hatari inakuwa kubwa zaidi wiki 18 za mwanzo, ndiyo maana Uingereza hupima damu kila wiki katika kipindi hicho. Finland mwaka 1975 watu wanane walikufa kwa njia hiyo, dawa ikaondolewa nchi kadhaa. Marekani waliikubali 1989 kwa sharti la kupima damu. Nilichotakiwa kusema: simamisha klozapini leo hii, FBP (kipimo cha kuhesabu chembe za damu) ya haraka yenye mchanganuo wa chembe nyeupe, antibayotiki ya mshipa, rufaa. Malaria pima, sawa, lakini usiishie hapo kama mimi. Neno langu "aendelee" ndilo lililoua.

Kwa hiyo kila dawa ya akili unayosoma, usifunue ukurasa unaofuata kabla hujaandika pembeni inaifanyia nini damu. Kabamazepini hushusha chembe nyeupe, na mara chache sana uboho wote, kile kiwanda cha damu ndani ya mifupa, hugoma. Valproeti, angalia chembe sahani, zile za kugandisha damu, zinaweza kushuka. Lithiamu ni kinyume, yenyewe hupandisha chembe nyeupe, usije ukadhani ni maambukizi ukamwaga antibayotiki bure. Na ukiwa kwenye damu, geuza: huyu akilini anakuwaje? Upungufu wa vitamini B12 unaweza kukuletea mtu anayeongea peke yake na miguu ina ganzi, ndugu zake wanasema karogwa. Mpe asidi ya foliki peke yake uone: hemoglobini inapanda, unapongezwa wodini, huku uti wa mgongo unaendelea kuharibika. Sasa yule kaka aje aniambie tena havigusani!

Selimundu na upungufu wa madini ya chuma wala sikuhangaishi, hayo utayakuta kwenye kila daftari.

Naona uliuliza pia namna ya kukariri mambo ya kuganda kwa damu. Hilo la kuganda atakuja mwingine, mimi nilibahatisha.

Halafu huyo anayekuuzia desa, ni yule mwenye raba za kijani? Kama ndiye, fungua swali la 14 kwanza, angalia kama doa bado lipo.