Hisa zinapogoma kugawanyika

SWALI: Kikundi chetu cha hisa, cha kuweka na kukopeshana, hapa Ujiji kina wanachama 22. Kila tukivunja mzunguko ili tugawane, fedha hazitoshi, tunaishia kugombana. Tunakosea wapi?

JIBU: Mara nyingi ni mikopo inayotolewa hadi wiki za mwisho. Simamisheni mikopo miezi mitatu kabla ya kugawana, marejesho yaingie yote. Mkopo usizidi mara tatu ya hisa za mkopaji. Wauza dagaa msiwapangie marejesho siku za mbalamwezi. Wavuvi hawaingii ziwani, watalipa na nini? Sanduku la fedha liwe na kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na anayelitunza asishike hata mmoja. Salio litajwe kwa sauti kila mkutano, wote walikariri. Daftari peke yake huchezewa.