Sebene lilitutangulia Cartagena

Tangu bendi yetu irudi kutoka Colombia maswali yenu hayajakatika. Nimechukua machache yanayojirudia sana. Mimi ni mpiga gitaa la solo, kwa hiyo mtanisamehe nikivutia kwenye gitaa.

Ni kweli huko wanacheza muziki wa Kongo? (Morogoro)

Ni kweli, na ndilo jambo lililonigusa kuliko yote. Cartagena ni mji wa bandari kwenye Bahari ya Karibi. Kuanzia miaka ya 1970 santuri kutoka Afrika, za Kongo zikiwemo, ziliingia kwenye pwani ile, nyingine mikononi mwa mabaharia. Waliozigombea ni wenye picó, yaani mitambo ya muziki ya mtaani yenye spika kubwa zilizochorwa kwa rangi kali. Aliyepata santuri ambayo mwenzake hana aliibandua karatasi ya katikati, mpinzani asijue wimbo ni wa nani. Watu wakabaki na wimbo usio na jina, wakaupa jina lao wenyewe kwa Kihispania.

Humo ndimo ilimozaliwa champeta: magitaa ya namna ya kwetu, sauti za Cartagena juu yake. Champeta ni jina la kisu. Watu wa tabaka la juu walilitumia kuwadharau weusi wa mitaa ya kimaskini waliokwenda kwenye dansi zile, nao wakalishika na kulifanya la fahari. Sehemu ya mwisho wa wimbo, pale sisi tunaposema sebene au chemko, wao huiita espeluque.

Usiku wa onyesho tulianza na nyimbo zetu za taratibu. Watu walisikiliza kwa adabu, basi. Kisha tukapiga wimbo mmoja wa zamani wa Kongo ambao bendi nyingi za Dar wanaupiga. Nilipoingia kwenye sebene, mama mmoja wa makamo aliyesimama karibu na spika ya kushoto alifumba macho akaanza kuliimba gitaa langu. Simaanishi maneno, naongelea noti zenyewe, ti-ri-ri, ti-ri-ri, na kila nilipopanda alipanda nami bila kukosea. Baadaye alinitajia jina la wimbo ule. Silo tunalolijua sisi, lakini alikuwa nao tangu utotoni.

Mlielewanaje, na Kihispania hamjui? (Tanga)

Mjini tulikuwa na mkalimani. Ila siku ya mapumziko tulipelekwa San Basilio de Palenque, kijiji kilicho umbali wa kilomita kama 50, kilichoanzishwa na watu waliotoroka utumwa. Uwanjani kuna sanamu ya Benkos Biohó, kiongozi wao, minyororo imekatika. Wahispania walimnyonga mwaka 1621. Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza utamaduni wa kijiji hicho kuwa urithi wa binadamu.

Wana lugha yao, mchanganyiko wa Kihispania na Kikongo. Mzee mmoja alikuwa ananionyesha vitu na kuvitaja, nami naitikia tu, mpaka akaelekeza kidole kwa ng'ombe aliyekuwa anakatiza njia. Akasema "ngombe". Nilimwomba arudie, akarudia mara tatu huku anacheka, akidhani sijasikia. Mtoto kwao ni "moná", na wakiwa wengi ni "ma moná". Mpiga tumba wetu, ambaye huwa hanyamazi, hakusema kitu mpaka tuliporudi garini.

Vipi chakula? (Dodoma)

Hutapata shida. Wali wa nazi na samaki wa kukaanga, mihogo, na patacón, yaani ndizi zinazokaangwa, zikapondwa bapa, zikarudishwa kwenye mafuta. Akina mama wa Palenque huuza matunda mjini wakiwa wamebeba beseni kichwani, na wana kitu kitamu cha mviringo kiitwacho alegría: mtama mdogo, nazi na sukari guru. Jina hilo maana yake furaha.

Natarajia kusafiri na gitaa langu. Nibebe nini? (Mombasa)

Kwanza umeme. Kwao ni volti 110, kwetu ni 230. Kibadilishi cha plagi hubadili umbo la plagi tu, umeme hakiugusi. Soma maandishi kwenye adapta ya kila pedali, yaani kifaa cha kukanyaga kinachobadili sauti ya gitaa: yakisema 100–240, ni salama. Amplifaya iache nyumbani, utumie ya wenyeji. Beba nyuzi za akiba, maana joto lile la pwani na jasho vinazila haraka. Pia usiweke gitaa kwenye mizigo ya chini kama unaweza kuliepusha. Langu lilichelewa siku mbili na sikupewa maelezo. Kijana wa pale alinipa lake, akakaa onyesho zima bila gitaa. Sitamsahau.

Ulijisikiaje pale watu wetu walipouzwa? (Bagamoyo)

Wewe wa Bagamoyo unajua. Plaza de los Coches, pale Cartagena, leo ni uwanja mzuri, majengo yamepakwa rangi, watalii wanapiga picha. Watu waliuzwa hapo. Nilisimama, nikavua kofia, nikaomba dua.

Kuna ulichowaachia? (Kigoma)

Kimoja. Mwenye picó mmoja alinialika kwake, akatoa santuri ambayo katikati imekwanguliwa hadi plastiki. Alisema ameipiga miaka thelathini na watu hulia wakiisikia, ila hajapata mtu wa kumwambia inasema nini. Sindano ilipogusa, nikasikia Kiswahili. Mwanamume anamsihi mkewe arudi nyumbani, watoto wanamuuliza kila jioni. Nilimtafsiria mstari kwa mstari kupitia kwa mkalimani. Akachukua kalamu, akayaandika yote kwenye ganda la santuri, akaniomba nimwandikie pembeni neno "rudi" kama linavyoandikwa kwetu.