Corolla ya gia ya mkono au Forester ya turbo kwa mlima wa Marangu?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu, naishi Marangu juu na nafundisha Moshi mjini. Nina Corolla ya mwaka 1997, injini 5A ya lita 1.5, gia tano za mkono. Nikipanda kutoka Himo kurudi nyumbani, sehemu kadhaa lazima nipangue hadi gia ya pili, na asubuhi gari likiwa baridi gia ya tatu inakwaruza. Shemeji yangu anasema gari limechoka, niliuze, niongezee hela nichukue Forester ya turbo ya mwaka 2005, otomatiki. Nimeiendesha, ina nguvu kweli. Ila nikirudi kwenye Corolla najisikia vizuri zaidi barabarani. Shemeji anasema ni mazoea tu. Je, kuna sababu ya kifundi ya kubaki na gari la zamani lisilo na mbio, au najidanganya?

JIBU: Mwalimu, salama kabisa. Hujidanganyi, na hilo la mazoea sikubaliani nalo. Unachokisikia kina sababu, na nitakuonyesha iko wapi. Lakini tuanze na mlima, maana hapo ndipo shemeji alipojengea hoja yake.

Kupangua hadi gia ya pili kwenye mlima wa Marangu si dalili ya injini kuchoka. Himo iko karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari, na lango la hifadhi pale Marangu limepita mita 1,800. Injini isiyo na turbo, yaani pampu ya kuisukumia hewa, hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kila unapopanda mita 1,000, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. 5A ikiwa nzima ina nguvu farasi zinazokaribia 100. Ukifika huko juu zimebaki themanini na kidogo, na umepakia watoto, mkungu wa ndizi na gunia la unga. Hesabu hiyo haihitaji ugonjwa wowote kwenye injini.

Sasa angalia giaboksi inavyofanya kazi. Kwenye Corolla nyingi za wakati ule gia ya tatu inazidisha mvuto wa injini karibu mara 1.3, na ya pili karibu mara 1.9. Ukitoka ya tatu kwenda ya pili, mvuto kwenye tairi unaongezeka kwa karibu nusu. Tena kuna jambo la pili ambalo madereva wengi hawalijali: mzunguko wa injini. Ukiwa mwendo wa 40 kwenye gia ya tatu, injini yako iko karibu 2,000 kwa dakika. Kwenye gia ya pili, mwendo ule ule, iko karibu 2,900. Injini hii inatoa mvuto wake mkubwa ikiwa imepita 4,000, kwa hiyo kule 2,000 haijachanganya bado. Anayeng'ang'ania gia ya tatu huku amekanyaga mafuta hadi chini anaitesa injini: inagonga, inatetemeka, joto linapanda, na bearingi za krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, zinabeba mzigo kwa mzunguko mdogo. Wewe unayepangua mapema unaitunza. Sikio lako liko sahihi, endelea kulifuata.

Hata hivyo, gari la mwaka 1997 linaweza likawa limechoka kweli kwa sababu nyingine, na hilo halijulikani kwa kukisia. Anza na klachi, kipimo chake ni bure. Tafuta barabara tambarare isiyo na magari, ingia gia ya nne ukiwa mwendo wa 50, kisha kanyaga mafuta yote. Mshale wa mzunguko ukiruka juu na mwendo usifuate, klachi inateleza. Nikishusha giaboksi la namna hiyo huwa nampa mwenye gari klachi pleti aishike mwenyewe: ile sehemu ya kusagika imebaki nyembamba, vichwa vya ribiti viko sawasawa na uso wake, na flaiwili, lile gurudumu zito la injini ambalo klachi inalishika, ina mistari iliyochimbwa na ribiti hizo. Mtu akiona hivyo anaelewa kwa nini gari halipandi wakati injini inapiga kelele.

Baada ya klachi, pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, ya silinda zote nne. Injini ya familia hii ikiwa nzuri hutoa karibu bar 13, na ikishuka chini ya 10 ndiyo imechoka. Kwa mwinuko wetu geji itasoma pungufu kidogo, fundi asikutishe kwa hilo. Cha kuangalia zaidi ni silinda kupishana. Moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya bar 1, hapo kuna valvu, ringi au gasketi ya kutazamwa. Halafu kichujio cha hewa, plagi na waya zake, maana misi ndogo, yaani silinda kukosa kuwaka mara moja moja, mjini huisikii, kwenye mlima inakula nguvu. Kama hayo yote yako sawa, gari lako halijachoka. Ni gari la 1.5 linalopanda Kilimanjaro, basi.

Tuje kwenye Forester. Sitaisema vibaya, ni gari zuri. Turbo inasukuma hewa ndani kwa nguvu, kwa hiyo mwinuko hauiathiri kama unavyoiathiri Corolla, na ile ya lita 2 yenye nguvu farasi 220 itapanda kwako bila kuhangaika. Lakini nguvu hizo zina masharti, na masharti hayo ndiyo yanayowashinda wengi wanaotuletea magari haya gerejini kwetu. Turbo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na bearingi zake zinalainishwa na oili peke yake. Nyingi za miaka hiyo zina kichujio kidogo cha wavu ndani ya bolti ya mrija unaopeleka oili kwenye turbo. Oili ikichelewa kubadilishwa, wavu ule unaziba, turbo inakosa oili na kufa, na vipande vyake vinaingia kwenye injini. Taimingi beliti ikikatika, valvu zinagongana na pistoni, na hapo ni kufungua hedi zote mbili, maana injini imelala pande mbili. Pia gari lile lilitengenezwa kwa petroli ya daraja la juu la Japani. Ukilitilia ya kawaida, kompyuta inachelewesha cheche ili injini isigonge, na sehemu ya nguvu ulizonunua unaziacha hapo hapo.

Uliza tena: nguvu hizo utazitumia wapi? Kutoka Moshi hadi Arusha ni kilomita 80 hivi. Ukienda kwa wastani wa 80 ni saa moja, kwa wastani wa 100 ni dakika 48. Unaokoa dakika 12 kwenye karatasi. Barabarani kuna Boma Ng'ombe, Kikatiti, Usa River na Tengeru, kote huko ni 50, kuna matuta, bodaboda, malori ya saruji na askari wa tochi. Wastani wa 100 haupatikani kwa amani. Na gharama ya mbio haipandi sawasawa na mwendo. Gari likiwa 120 limebeba nishati mara 2.25 ya lile lililo 80, na breki lazima iimeze nishati yote hiyo ng'ombe akivuka.

Hapo ndipo ninapopata sababu kubwa ya kukutetea, mwalimu, na wala si kupanda. Ni kushuka. Corolla yako na abiria ina kilo kama 1,200. Kuishusha mita 900 hadi Himo kwa breki peke yake kunazalisha joto linalotosha kuchemsha zaidi ya lita 30 za maji, yaani ndoo moja na nusu. Joto hilo lote linakwenda kwenye diski mbili za mbele na madramu mawili ya nyuma. Mafuta ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya yanachemka kwenye nyuzi 205, lakini yanafyonza unyevu, na yakishafyonza vya kutosha yanachemka kwenye 140 tu. Yakichemka yanatoa mvuke ndani ya mirija, na mvuke unabonyea: pedali inazama hadi chini na gari halisimami. Ajali nyingi za milimani tunazoambiwa kwamba breki zilifeli huanzia hapo, breki zilipikwa kwanza.

Wewe unashuka na gia ya pili au ya tatu, injini inalishika gari, mguu unagusa breki kwenye kona tu. Otomatiki nayo inaweza, shemeji asije akasema nimeficha: ina nafasi za gia ndogo kwenye kishikio. Ila wangapi umewaona wakizitumia? Mtu anaweka D nyumbani na kuitoa anapoegesha. Gia ya mkono inakulazimisha uamue kabla ya kona, na dereva aliyeamua kabla ya kona yuko salama kuliko anayeshtuka ndani yake. Mimi hili naliamini sana. Na tafadhali usitie fri, yaani kutoa gia, kwenye mteremko ukidhani unaokoa mafuta. Injini yako, inayopuliziwa petroli kwa sindano, ikiwa ndani ya gia, mguu umetoka kwenye mafuta na mzunguko uko juu, inakata petroli kabisa. Ukitia fri ndipo inaanza kuchoma tena ili isizime.

Na ile raha uliyoisikia? Kwenye Corolla mguu wako umeunganishwa na injini kwa kebo, ukisogeza kidogo inajibu kidogo. Gari ni jepesi, tairi ni nyembamba, kwa hiyo usukani unakuambia barabara ina nini kabla tairi haijateleza. Na kwa mwendo wa 60 unakuwa umetumia sehemu kubwa ya uwezo wa gari: unasikiliza, unapanga gia, unachagua mstari wa kona. Forester kwa 60 imelala. Ili ikuchangamshe lazima uifikishe mahali ambapo kosa dogo halisameheki. Gari lisilo na mbio linakupa udereva wote ndani ya mwendo unaoruhusiwa, na ndiyo maana unashuka umechangamka.

Ukitaka ushahidi wa hapa kwetu, simama asubuhi njia ya kutoka Arusha uangalie Land Cruiser za watalii. Nyingi zina injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2, silinda sita, haina turbo, nguvu farasi kama 130 kwa gari lenye zaidi ya tani mbili. Injini hiyo ilitoka mwaka 1990. Pale ukuta wa bonde juu ya Mto wa Mbu inapanda polepole na gia ndogo, kila siku, imejaza watu, na jioni inarudi. Madereva wale wanaijua kwa sauti. Hata kwenye mashindano ya magari ya Safari Rally nchini Kenya mwaka 1979, dereva Shekhar Mehta alishinda na Datsun ya injini ya lita 2, na nyuma yake akaja Hannu Mikkola na Mercedes ya lita 5. Barabara za Afrika Mashariki zimewahi kutoa hukumu ya jambo hili.

Shemeji ana haki sehemu mbili. Ya kwanza ni usalama wa kugongana: magari ya karibuni yana mifuko ya hewa mingi, ABS (breki zisizofunga tairi zikateleza) na mfumo wa kuzuia gari kuzunguka, na bodi zake zinameza kishindo vizuri zaidi. Corolla yako haiwezi kupewa hayo gerejini. Unachoweza ni mikanda mizima kwa viti vyote, nyuma pia, tairi zisizozeeka, na mafuta ya breki kubadilishwa kila miaka miwili, weka DOT 4. Ya pili ni kulipita lori mlimani. Kwa nguvu zako usijaribu mpaka uone barabara ndefu tupu, na kama huioni, kaa nyuma. Kama goti la kushoto linakusumbua na unashinda kwenye foleni, hiyo nayo ni sababu halali ya otomatiki. Lakini hata hapo ningekwambia utafute ya kawaida isiyo na turbo.

Fikiria pia kwamba ukiliuza, kupata jingine la gia ya mkono lililo zima ni kazi. Magari madogo yanayotoka Japani sasa karibu yote ni otomatiki.

Gia ya tatu kukwaruza asubuhi: mara nyingi ni oili ya giaboksi iliyozeeka au ya aina isiyofaa. Mwaga yote, weka 75W-90 yenye maandishi GL-4, karibu lita 2. Usikubali kuwekewa oili nzito ya difu, kwa baridi ya Marangu inakuwa kama asali na sinkronaiza, ile pete inayolinganisha mwendo wa gia kabla haijaingia, haiwezi kuikata kwa wakati. Mwambie fundi aangalie sumaku ya nati ya kumwagia: unga laini wa chuma ni kawaida, vipande si kawaida. Angalia na marekebisho ya klachi, maana isiyoachia vizuri inakwaruza vilevile. Kisha endesha wiki mbili. Ikibaki inakwaruza hata gari likiwa la moto, sinkronaiza ya tatu imelika na giaboksi lifunguliwe. Mwambie abadilishe bearingi na sili wakati huo huo, usilipie kulishusha mara mbili.