Naweza kufanya kazi zangu zote kwa mstari wa amri peke yake?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa sekondari, Morogoro. Laptopu yangu ni ya zamani, RAM ni GB 2, na ina mfumo wa Linux uitwao Debian 12, wenye GNOME (mazingira ya madirisha). Inaburuta mno, nikifungua kivinjari pamoja na faili la mtihani, inaganda. Kuna kijana nimemwona anatumia skrini nyeusi tu, bila kipanya, na mashine yake ni nyepesi ajabu. Nataka nifute madirisha yote nibaki na mstari wa amri. Kazi zangu ni kutunga mitihani na kuichapa, barua pepe, kusoma PDF na kupitia habari. Itawezekana? Nianzie wapi?

JIBU: Nzuri, mwalimu. Inawezekana, isipokuwa jambo moja nitakalolifikia mbele. Ila usifute kitu. GNOME iliyokaa tu kwenye diski haili RAM. Inayokula ni ile iliyowashwa. Kwa hiyo iache, uiambie mashine isiiwashe:

sudo systemctl set-default multi-user.target

Ukiwasha upya utakuta skrini nyeusi inayokuuliza jina na nenosiri. Siku ukitaka madirisha kwa muda, andika sudo systemctl start gdm3. Kama sudo inakukatalia, huenda uliweka nenosiri la root, yaani mtumiaji mkuu, wakati wa kusimika Debian; ingia kwanza kwa su - kisha andika amri zilezile bila neno sudo.

Kabla ya lolote, kuza herufi, maana zile za mwanzo zinaumiza macho. Amri ni sudo dpkg-reconfigure console-setup, na hapo chagua fonti ya Terminus na saizi kubwa. Intaneti ni nmtui: menyu yake inaeleweka yenyewe, ingawa inaweza kukuuliza upya nenosiri la waifai.

Kisha simika tmux, programu ya kusimamia skrini ya maandishi, na hili usilione la ziada. Tangu kerneli (kiini) ya Linux toleo la 5.9, la mwaka 2020, huwezi tena kurudi juu kwa Shift na PageUp kwenye skrini nyeusi. Maandishi yaliyopita juu yamekupotea. Ndani ya tmux unabonyeza Ctrl+b, halafu mabano ya mraba [, ndipo PageUp inafanya kazi. Pia inakugawia skrini vipande viwili, mtihani upande huu na muhtasari wa somo upande ule.

Sasa mitihani, ambako naona utafaidi kuliko kwingine. Unaandika maandishi matupu kwa kihariri cha nano, kisha pandoc inakutengenezea faili la Word:

pandoc mtihani.md -o mtihani.docx

Ukifundisha hesabu au fizikia, milinganyo unaiandika kwa LaTeX (lugha ya kuandikia hesabu kwa maandishi) kati ya alama mbili za dola, na kwenye Word inatokea kama milinganyo halisi, si picha. LibreOffice uliyo nayo haihitaji dirisha ili ibadilishe faili kuwa PDF: libreoffice --headless --convert-to pdf mtihani.docx. Kuikagua kwa macho tumia fbgs mtihani.pdf, inayokuja na kifurushi cha fbi. Iite ukiwa nje ya tmux, la sivyo itagoma. Kwa PDF za kusoma tu, pdftotext inatosha, mradi si karatasi zilizopigwa skani. Printa ikiwa imeshasajiliwa, lp -n 45 mtihani.pdf inatoa nakala za darasa zima.

Kama unachapia steshenari, jihadhari na flashi. Hapa haijifungui yenyewe. Andika lsblk uone jina lake, tuseme sdb1, kisha udisksctl mount -b /dev/sdb1. Amri ya cp itamaliza upesi na utadhani kazi imekwisha, kumbe sehemu ya faili bado iko kwenye RAM ikisubiri kuandikwa. Ukichomoa hapo, unafika steshenari na faili lisilofunguka, na foleni iko nyuma yako. Andika udisksctl unmount -b /dev/sdb1, subiri ijibu, ndipo uchomoe.

Barua pepe ni neomutt. Ukitumia Gmail, nenosiri lako la kawaida halitakubaliwa. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti, kisha omba nenosiri la programu, lenye herufi 16. Kuipanga mara ya kwanza kunachosha, sikufichi. Muziki ni mpv, sauti ni alsamixer.

Lile jambo moja ni wavuti. Kivinjari cha w3m kinafungua Wikipedia na kurasa nyingi za habari haraka sana, tena bando halitikisiki kwa sababu hakipakui picha. Lakini hakiendeshi JavaScript, msimbo unaoendesha kurasa nyingi za kisasa. WhatsApp ya kwenye kompyuta, huduma za benki na mifumo mingi ya serikali ya kujaza fomu havitafunguka, na usipoteze usiku kutafuta ujanja. Weka njia ya pembeni, icewm, ambayo ni madirisha mepesi:

sudo apt install icewm xinit

Ukiihitaji, andika startx /usr/bin/icewm-session, fungua Firefox peke yake, maliza shughuli, kisha toka. RAM inarudi yote. Usitegemee miujiza hapo lakini: kwa GB 2, kurasa nzito zikiwa tatu nne bado zitaiganda mashine, hata bila GNOME. Kama ndani kuna diski ya kuzunguka, SSD itakusaidia kuliko chochote nilichoeleza hapa.

Mwisho ni betri. Hakuna alama pembeni ya kukuonya, na utakatikiwa katikati ya swali la kumi. Ndani ya faili ~/.tmux.conf weka mstari huu:

set -g status-right "#(cat /sys/class/power_supply/BAT0/capacity)"

Asilimia ya chaji itakaa chini kulia muda wote. Isipoonekana, badili BAT0 iwe BAT1. Laptopu nyingine ndivyo zinavyoiita.