Barua kwa mwanangu mwenye sura ya jambazi

Mwanangu,

Umeniuliza kama ukatae nafasi ya kuigiza jambazi uliyopewa tena, maana unaogopa kwamba kwa sura yako hakuna mwongozaji atakayekuona mpole. Sura hiyo umeirithi kwangu, kwa hiyo sitajifanya sina upande.

Mfikirie Ernest Borgnine, mwigizaji Mmarekani, mtoto wa wahamiaji kutoka Italia. Alitumikia jeshi la majini karibu miaka 10, Vita Kuu ya Pili vilipokwisha akarudi nyumbani hana kazi. Aliyemwambia ajaribu uigizaji ni mama yake. (Sisi akina mama huwa tunaona.) Alikuwa mnene, nyusi nzito, meno yana mwanya. Mwaka 1953, katika filamu ya From Here to Eternity, akawa sajenti wa gereza la jeshi anayempiga mhusika aliyechezwa na mwimbaji na mwigizaji Frank Sinatra mpaka mauti yakamkuta. Katika filamu ya Bad Day at Black Rock akawa mnyanyasaji anayemchokoza mwigizaji Spencer Tracy, aliyecheza mtu wa mkono mmoja.

Halafu mwaka 1955 ikatoka filamu ya Marty. Safari hii yeye ndiye Marty, muuza nyama wa Bronx, mtaa wa New York, umri miaka 34, hajaoa, anaishi na mama yake. Itazame sehemu anayompigia msichana simu kumwomba watoke pamoja. Sauti ya upande wa pili hatuisikii. Kamera inamsogelea taratibu, anakataliwa, anafumba macho. Maneno yake yanabaki ya adabu tu. Baadaye, kwenye ukumbi wa dansi, mwanamume mmoja anataka kumlipa dola 5 amwondolee msichana aliyekuja naye ambaye hakumpendeza. Marty anabaki kumshangaa, kisha anakataa.

Ninachokipenda ni kwamba Borgnine hakujilainisha. Mwili ni ule ule, mikono ni ile ile ya sajenti. Unajua kabisa angeweza kuing'oa simu ukutani, ndiyo maana ustaarabu wake unauma. Mwigizaji mwenye uso mtamu angekataliwa pale nasi tungemwonea huruma kidogo, basi.

Machi 1956 akapewa tuzo ya filamu ya Oscar ya mwigizaji bora wa kiume. Kati ya waliokuwa wakiiwania wamo Sinatra na Tracy, wale wale aliowatesa kwenye filamu! Hilo hunichekesha kila nikilikumbuka.

Kwa hiyo ichukue nafasi hiyo. Usimwombe mwongozaji akuongezee kipande cha kulia. Machozi ya kubandika huonekana. Mtafutie huyo jambazi mtu mmoja anayemsikiliza kwa makini, hata kama ni kwa sekunde chache, na hapo usifanye kitu kingine chochote. Na habari ya kurekebisha meno niliyoisikia kwa dada yako, achana nayo.

Mkataba usome wote kabla ya kutia sahihi, hasa malipo ya siku zitakazoongezeka. Skripti ukiipata nitumie, tufanye mazoezi kwa simu. Mimi nitakuwa polisi.

Mama yako