Mpiga besi aanze na kuzima nyuzi

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza hivi: kijana akitaka kuishi kwa kupiga besi kwenye bendi ya roki, aanze na nini, na kazi hiyo itamfikisha wapi? Wengi watamwambia aanze na wepesi wa vidole. Mimi namwambia aanze na kuzima nyuzi, yaani kuzizuia zisilie zile asizozipiga.

Besi ya kawaida ina nyuzi nne: E, A, D na G, kuanzia mnene. Uzi wa E ukipigwa wazi hutikisika kama mara 41 kwa sekunde, wa A mara 55. Sauti nzito namna hiyo haifi upesi kwenye kumbi zetu za kuta za zege. Ukipiga D huku A bado inalia chini kwa chini, ukumbini hazisikiki noti mbili. Unasikika mngurumo, na mtu wa mitambo atafanya afanyalo siku zote: ataishusha besi. Dawa iko mikononi mwako. Ukipiga A, kidole gumba cha kulia kilale juu ya E. Ukihamia D, nacho kishuke, kilalie E na A kwa pamoja. Nyuzi nyembamba zizimwe na vidole vya kushoto, vikizigusa bila kuzibana.

Ndipo ije metronomu, kile kifaa cha kugonga mapigo kwa kasi unayoichagua. Wimbo ukiwa na mapigo 120 kwa dakika, iweke 60, na kila mlio uuhesabu kuwa pigo la pili na la nne, pale snea, ile ngoma ya dramu yenye mlio mkali, inapogonga. Dakika tano za noti moja tu zinatosha kukuumbua. Jirekodi kwa simu: karibu kila mtu hukimbia akiingia kwenye kiitikio. Kisha sikiliza noti inaishia wapi. Ikikatika papo hapo snea inapogonga, wimbo mzima unakaza. Na kiki ya mpiga dramu, ile ngoma kubwa ya kupigwa kwa mguu, ianze pamoja na noti yako, isiwepo ya kumsubiri mwenzake.

Tuje kwenye chombo chenyewe. Unyevu wa ziwa hauna huruma na mbao. Besi inayolala Kirumba, hapa Mwanza, kesho ipo kwenye kivuko kwenda Nansio kisiwani Ukerewe, shingo yake hucheza. Bana uzi wa E kwenye freti (vile vijichuma vilivyokatiza shingo) ya kwanza na kwenye ile ya mwisho wa shingo inapokutana na mwili, kisha chungulia katikati, kwenye freti ya saba au ya nane. Nafasi iwe ya kupitisha kadi ya biashara, kama milimita 0.3. Ikizidi, kaza kwa alenki, ule ufunguo wa pembe sita, ile fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo, robo mzunguko tu, tyuni upya, uiache hadi kesho ndipo upime tena. Anayeizungusha kwa hasira huikata, na kubadilisha fimbo ni ghali kuliko gitaa lenyewe la bei ya chini.

Nyuzi zilizofubaa usizitupe haraka. Zivue, zichemshe kwa maji dakika kumi, zifute na uzikaushe kabisa, uzirudishe. Kilichokuwa kinaziua ni jasho na uchafu uliojaa kwenye mizunguko yake. Zenye kutu achana nazo.

Besi ikinguruma kwa umeme, gusa nyuzi. Mngurumo ukipungua, hiyo ni kawaida. Usipobadilika, lakini ukapungua ukigusa chuma cha jeki, pale unapochomeka waya, basi waya wa ethi unaokwenda kwenye daraja, kile chuma kinachoshika nyuzi mwilini mwa besi, umeachia. Fundi redio yeyote atauchomelea. Na usikubali kuchomekwa kwenye amplifaya ndogo ya gitaa la solo, mtindo wa makanisa mengi. Koni ya spika ile haikutengenezwa kusukuma besi. Itachanika, na utakayedaiwa ni wewe. Afadhali upite kwenye kiboksi cha DI, kinachoiandaa sauti ya gitaa iingie kwenye mitambo, moja kwa moja hadi mikisa. Spika mbili za omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) zikiungwa sambamba zinakuwa omu 4: soma kwanza nyuma ya amplifaya kama inazimudu.

Kuhusu mkate, Mwanza ni Jiji la Miamba lakini roki peke yake haijazi kalenda ya mtu hapa. Utapiga harusini, hotelini, kwaya, na dansi, ambayo besi yake huacha mapengo pale ambapo roki ingejaza. Si aibu. John Paul Jones alikuwa mpiga besi na mpangaji wa muziki wa kukodiwa katika studio za London kabla ya bendi yake ya roki, Led Zeppelin, kuanza mwaka 1968.

Kinachowaponza wengi ni kukosa karatasi ya makubaliano. Darryl Jones anapiga besi na Rolling Stones tangu mpiga besi wao Bill Wyman aondoke miaka ya 1990, ila kama mwajiriwa, si mwanachama. Queen nao, kuanzia albamu yao ya mwaka 1989, walizitaja nyimbo kuwa ni za bendi nzima, John Deacon wa besi akiwemo. Bendi yako iko upande gani? Liulizeni hilo kabla ya kuingia studio, muandike ukurasa mmoja na kila mtu atie sahihi: nani mtunzi, asilimia ya kila mmoja, posho ya siku ya onyesho, na nani ananunua nyuzi zikikatika safarini.

Msomaji, Kirumba, Mwanza