Usimwangalie stelingi, mwangalie bawabu

Ndugu na majirani huniuliza sana waanze kufuata tamthilia gani, kwa sababu wanajua taarifa ya saa moja ikiisha, mimi niko mbele ya runinga na simu nimeiweka mbali. Wengi wanataka niwatajie jina moja tu. Majina ninayo, lakini kinachonipendeza mimi huenda kikakuchosha wewe, kwa hivyo siku hizi nawapa kipimo. Siku mbili tatu za kwanza usimwangalie stelingi. Mwangalie bawabu, mpishi, utingo, mama mboga wa pale kona. Ukiona nao wana madeni yao, wivu wao na mipango yao, kaa chini utazame, aliyeandika hadithi hiyo anawajua watu. Ukiona kazi yao ni kufungua geti na kuleta chai, badilisha stesheni.

Ushahidi wangu mkubwa ni Papa Shirandula, wa ile komedi ya Citizen yenye jina lake. Yule alikuwa bawabu, na mkewe Wilbroda aliamini kwamba mumewe ana kazi ya ofisini. Basi sare inavuliwa, suti inavaliwa, na mtu anarudi nyumbani kwa mwendo wa bosi. Tulicheka hadi machozi, lakini Nairobi ilijijua pale. Hapa mjini wako wengi wanaotoka asubuhi wamepiga pasi vizuri, wakielekea kazi ambayo hawataki itajwe nyumbani. Charles Bukeko, aliyemwigiza Papa, alipofariki Julai 2020, watu walimlilia kama jirani yao wa mlango wa pili. Katika tamthilia nyingine mhusika kama huyo angepewa sekunde tano tu: honi, geti, saluti, kwisha.

Auntie Boss iliyokuwa NTV ilifanya jambo hilo hilo kwa wasichana wa kazi. Wao ndio waliokuwa mbele, waajiri wakawa nyuma yao. Shiru wa Nyce Wanjeri alikuwa na maoni kuhusu kila mtu mtaani, na hakuna aliyeweza kumnyamazisha. Mwaka 2018 Nyce alishinda tuzo ya AMVCA, zile tuzo za filamu na runinga za Afrika, ya mwigizaji bora wa kike wa vichekesho, na nafasi iliyompa tuzo hiyo ni ya msichana wa kazi!

Hapo kwenye vichekesho nina neno kuhusu lafudhi. Wapo wanaosema lafudhi za makabila zipigwe marufuku kwenye runinga. Sikubaliani nao. Mwigizaji Benson Wanjau alikuwa Mkikuyu, na kwa miaka mingi ndani ya Vitimbi, komedi ya KBC, alikuwa Mzee Ojwang', Mjaluo kamili, na nchi nzima ikamkumbatia mpaka alipotuacha mwaka 2015. Siri yake ni kwamba hata ukiiondoa lafudhi, Ojwang' alibaki: mzee mjanja, mwenye kiburi, anayezidiwa akili na mkewe, Mama Kayai. Kwa hivyo ukitazama komedi mpya, jiulize huyu mtu angechekesha kama angeongea Kiswahili cha kawaida? Kama jibu ni hapana, hiyo ni dharau tu, zima.

Sasa tuje kwa binti maskini kwenye nyumba ya tajiri. Selina, iliyoonyeshwa Maisha Magic East kuanzia 2018 hadi 2022, ilimtoa msichana kijijini ikamleta Nairobi kufanya kazi za nyumbani. Maria ya Citizen ilimtoa yatima katika mtaa wa mabanda. Nilizifuata zote mbili kwa moyo wote, na Maria wa Yasmin Said, kofia kaigeuza nyuma, Sheng inamtoka bila kuomba ruhusa, bado namkumbuka kwa furaha. Lakini tangu hapo tumeletewa tamthilia nyingi za sampuli hiyo, na nyingi huharibikia mahali pamoja. Mtoto wa tajiri akishampenda msichana, jikoni kunanyamaza. Maneno yote yanahamia sebuleni: urithi, sumu, mimba, kutekana nyara. Tamthilia inayotoka Jumatatu hadi Ijumaa inahitaji kisa kipya kila jioni, na waandishi wakichoka, njia rahisi ni kumteka mtu. Aliyezikwa akianza kurudi, au mtu akiamka hospitalini hamjui mkewe, achana nayo bila kujilaumu hata kama umeifuata mwaka mzima. Jioni yako ni mali yako.

Usije ukadhani tatizo ni pesa. Vioja Mahakamani, komedi nyingine ya KBC, ilijengwa kwenye chumba kimoja cha mahakama, na wahusika kama Makokha, Ondiek na Olexander wakaingia pale wakiwa na kesi za kuku na za majirani. Kamera nzuri nazipenda, lakini sijawahi kuona kamera ikimpa mhusika kitu cha kusema.

Kwa asiye na muda wa kila siku, namshauri atafute Country Queen ya mwaka 2022, tamthilia ya kwanza ya Kenya kwenye Netflix. Ina sehemu sita tu, inahusu ardhi na mgodi, na watu wanaongea kama tunavyoongea: Kiswahili, Kikamba, Kikuyu na Kiingereza, kutegemea ni nani aliye mbele yao. Ukiwa na mzee nyumbani au watoto wanaosoma, wawekee Sultana, hadithi ya msichana kipofu wa Pwani. Kiswahili chake kimenyooka, na kwetu sisi wa Nairobi tuliozoea kuchanganya lugha, masikio yanapumzika kabisa.

Jambo la mwisho ni la kila unapomaliza kutazama: usikimbilie rimoti. Majina ya waandishi na watayarishaji hupita upesi, yakamate. Maria, Zora na Sultana zote zilitengenezwa na Jiffy Pictures ya Lulu Hassan na Rashid Abdalla, kwa hivyo aliyependa mojawapo alijua ijayo aitafute kwa nani. Na ukiipata, itazame kwenye stesheni au mtandao wenye haki nayo, si kwa vipande vya wizi vinavyosambazwa kwenye magrupu ya simu, maana waigizaji wale wana kodi ya nyumba ya kulipa kama sisi.